Shajara ya mradi: kadi ya gridi na karatasi za mazoezi ya ramani

Mradi wenyewe

Sio mradi mkubwa. Natengeneza kadi angavu ya kupimia gridi ya kukaa mfukoni, karatasi za mazoezi ya kutoa rejea ya gridi (namba inayotaja mahali kwa kutumia ile mistari ya miraba iliyochorwa juu ya ramani) kwenye ramani ya topografia, na spredishiti ndogo ya kusahihishia majibu ili mtu ajifunze mwenyewe bila kusubiri mwalimu. Watakaotumia ni kikundi chetu cha kutembea milimani, watu ambao kila mmoja ana simu yenye ramani lakini ukimpa ramani ya karatasi afu umwambie nipe namba ya lile daraja pale, anaanza kuigeuzageuza na kucheka.

Kabla sijachora chochote kuna jambo moja nimeamua ndo litabeba kila kitu humu: rejea ya gridi haitaji nukta, inataja kisanduku. Ukisema 4541 umetaja mraba wa kilomita moja kwa kilomita moja, ambao kona yake ya kusini magharibi ndo pale mstari wa 45 unapokutana na wa 41. Ukifika tarakimu sita, 456412, umetaja kisanduku cha mita 100 kwa mita 100 ndani ya ule mraba. Tarakimu nane ni mita 10, kumi ni mita 1. Mafunzo mengi niliyopitia yanakupa hatua tu, nenda kulia, panda juu, andika, hili la kisanduku linapitwa haraka haraka, na mimi naona ndo chanzo cha nusu ya ubishi unaotokea watu wawili wakisoma sehemu moja wakapata namba tofauti.

Mashariki kwanza

Hii haina maelezo mengi. Unasoma kwanza namba ya mashariki, yaani mistari iliyosimama ambayo namba zake zinakua ukienda kulia, afu ndo namba ya kaskazini, mistari iliyolala, zinakua ukipanda juu. Kwenye karatasi ya kwanza nimeandika tu kwamba M inatangulia K, kama kwenye neno makini, basi.

Ila kuna mtego ambao naona wa siku hizi zaidi. Simu ikikupa latitudo na longitudo inaanza na latitudo, yaani kaskazini au kusini kwanza, mashariki baadaye. Gridi ni kinyume chake. Kwa hiyo mtu aliyezoea simu akija kwenye gridi anageuza bila kujua na anakuwa na uhakika kabisa. Ukiwa na namba nzima nzima za UTM (mfumo wa gridi wa dunia, unaoigawa katika zoni, yaani vipande virefu vya kaskazini kusini) kuna namna ya kushtukia: namba ya mashariki huwa na tarakimu sita (mstari wa katikati wa zoni umepewa 500,000, na kwenye ikweta zoni nzima inaanzia kama 166,000 hadi 834,000), na namba ya kaskazini kwa walio kusini mwa ikweta ina tarakimu saba, kwa sababu ikweta yenyewe imepewa 10,000,000 na inapungua ukishuka kusini. Walio kaskazini mwa ikweta wanaanza na sifuri kwenye ikweta, kwa hiyo ukiwa karibu na ikweta upande huo namba inaweza kuwa fupi na kipimo cha kuhesabu tarakimu hakikusaidii. Ukishakata na kubaki na sita za ramani, kushtukia hivyo hakupo tena, ndo maana nimelazimisha mpangilio kwenye spredishiti, nitaeleza chini.

Kadi, toleo la kwanza

Hesabu ya kadi ni rahisi. Kwenye 1:50,000 kilomita moja ni sentimita 2 kwenye karatasi, kwa hiyo mita 100 ni milimita 2. Kwenye 1:25,000 ni sentimita 4, na mita 100 ni milimita 4. Ugumu upo kwenye umbo.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ya kona, wengine wanaiita romer, jina la Mwingereza Carrol Romer. Unaweka kona ya kadi juu ya kitu unachokitaka, kingo zikiwa sambamba na gridi, afu unaangalia mstari wa gridi ulio kushoto unakatiza skeli ya juu kwenye namba gani, na mstari wa chini unakatiza skeli ya pembeni wapi. Aina ya pili ni wavu, mraba mzima wa kilomita uliogawanywa kumi kwa kumi, unaulaza juu ya mraba wa ramani na unaona kitu chako kimeangukia kisanduku gani.

Kwa msimamo wangu wa kisanduku ilibidi niende na wavu moja kwa moja, mtu anakiona kisanduku kwa macho na hakuna cha kubishana. Lakini nimechora wavu wa 1:50,000 na vile visanduku vya milimita 2 vinakuwa vingi mno, mistari inaifunika ramani yenyewe, kontua (mistari ya mwinuko) huzioni, na namba za pembeni hazina pa kukaa. Wavu wa 1:25,000 unapendeza kabisa. Kwa hiyo kadi ina vyote viwili: wavu kwa 1:25,000, kona kwa 1:50,000. Sio sare, najua, kuna atakayelalamika kwamba anajifunza njia mbili, ila bora hivyo kuliko wavu usiosomeka.

Unene wa mistari nao ni ishu. Mstari wa robo milimita kwenye 1:50,000 unafunika mita 12 na nusu za ardhi. Nimeshuka hadi mstari mwembamba kabisa ambao printa inauchora bila kukatika.

Na kuhusu kuprinti, nachapisha kwa kugeuza, kama kwenye kioo, ili wino ukae upande wa chini wa plastiki ukigusana na ramani. Wino ukiwa juu kunabaki unene wa plastiki kati ya skeli na karatasi, ukiangalia kwa pembeni kidogo tu mstari unahama, na kwenye milimita 2 kuhama kidogo kunaweza kukutupa kisanduku cha jirani.

Printa na karatasi

Printa nyingi zikiachiwa zenyewe zinaipunguza picha kidogo ili itoshee ukurasa. Ikipungua hadi asilimia 97, ile sentimita 2 inakuwa 1.94, na ukifika mwisho wa kilomita umeshapotea mita 30. Haitoshi kukuhamisha kisanduku kila mara lakini inatosha kukuhamisha ukiwa karibu na ukingo. Kwa hiyo pembeni mwa kadi nimeweka mstari wa sentimita 10 wa kukagulia, unaupima na rula ya kawaida kabla hujakata.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba ramani yenyewe inaweza kuwa imebadilika. Karatasi inavuta unyevu na kutanuka, na ramani ya fotokopi inaweza kuwa skeli yoyote ile bila kujali kilichoandikwa chini yake. Kwenye maelekezo nimeweka hivi: hesabu miraba kumi ya 1:50,000, ipime, inatakiwa iwe sentimita 20. Kama ni 19.2, kadi yako ni nzima, ramani ndo sio ya 1:50,000 tena.

Spredishiti, na suala la kukata

Hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko popote.

Chukua sehemu yenye namba nzima 345678 mashariki na 9641289 kaskazini. Unatoa tarakimu za mwanzo zinazohesabu mamia ya kilomita na zaidi, unabaki na 45678 na 41289. Tarakimu nne: 4541. Tarakimu sita: 456412. Nane: 45674128. Unakata tu mkia, hukadirii. Ukikadiria kwa kanuni ya shuleni, 45678 inakuwa 457 na 41289 inakuwa 413, na 457413 ni kisanduku kingine kabisa, kipo kaskazini mashariki ya kile cha kweli, na kitu chako hakimo ndani yake.

Watu wanaitetea kukadiria kwamba eti ndo karibu zaidi. Ingekuwa kweli kama rejea ingekuwa nukta. Ila ni kisanduku kinachoitwa kwa kona yake ya kusini magharibi, na swali ni kitu kimo au hakimo. Mfumo wa MGRS wenyewe (rejea ya gridi ya kijeshi, imejengwa juu ya UTM) unataka kukata. Mfano unaomaliza ubishi ni ukingoni: sehemu yenye mashariki 45960. Ukikata ni 459. Ukikadiria ni 460, na ghafla tarakimu mbili za mwanzo zimetoka 45 kwenda 46, yaani rejea yako ya sita haipo ndani ya mraba wa rejea yako mwenyewe ya nne. Hii nimeiweka swali la tatu kwenye karatasi makusudi.

Kwenye fomula basi ni kutumia ya kushusha, sio ya kukadiria, hiyo rahisi. Sumbufu ni sifuri. Ukiandika 045 kwenye spredishiti inakubadilishia kuwa 45, na rejea ya 045128 inageuka 45128, tarakimu tano, na hapo hujui kilichopotea ni cha mwanzo au cha katikati. Seli zote za majibu sasa ni za maandishi, sio namba, na kuna sharti: tarakimu lazima ziwe shufwa, nne, sita au nane, ikija tano au saba inakataa na haijaribu kubahatisha. Rejea yenye idadi witiri ya tarakimu imepungukiwa kitu, hakuna mjadala.

Majibu yana rangi tatu. Kijani ni kisanduku chenyewe. Njano ni kisanduku cha jirani, kwa sababu kwenye 1:50,000 mkono wa mtu kutikisika milimita moja ni jambo la kawaida, siwezi kumpa nyekundu mtu kwa hilo. Nyekundu ni mbali zaidi. Na nimeongeza kitu kimoja ninachokipenda, kabla haijatoa nyekundu spredishiti inageuza nusu mbili za jibu na kulinganisha tena, zikilingana inaandika "umeanza na kaskazini". Mtu anaelewa palepale, hahitaji kuambiwa hajui.

Karatasi za mazoezi

Ramani ya mazoezi nimeichora mwenyewe, nchi ya kubuni, kontua kila mita 20, mto mmoja na kijito, barabara, shule, bwawa, nukta ya upimaji kileleni. Kwa makusudi nimeianzisha sehemu ambayo mistari inaenda 98, 99, 00, 01. Hiyo ni kawaida kabisa kwenye ramani halisi, tarakimu ya mamia ya kilomita haiandikwi kwa herufi kubwa, kwa hiyo baada ya 99 inarudi 00, ila mgeni akiiona mara ya kwanza anadhani ramani imekosewa.

Daraja nimeliweka juu ya mstari wa 00 kabisa. Kitu kilichokaa juu ya mstari ni cha kisanduku kinachoanza na mstari huo, upande wa mashariki wake, au wa kaskazini kama ni mstari uliolala. Kwa hiyo mashariki yake ni 000, sio 999. Ni jibu linaloonekana la ajabu na watu wanaliogopa.

Bwawa nalo limeingia miraba mitatu. Kitu kikubwa hukipi tarakimu sita, unataja miraba ya tarakimu nne iliyomo, au unachagua sehemu yake moja inayotambulika, labda pale kijito kinapoingia, na kuipa sita. Mto peke yake hauna rejea, makutano ya mito ndo yanayo.

Zoezi la umbali limetoka vizuri. Kutoka 456412 hadi 486452 ni visanduku 30 kwenda mashariki, 40 kwenda kaskazini, kilomita 3 na kilomita 4, kwa Pythagoras ni kilomita 5 moja kwa moja. Gridi ni bapa kwa hiyo hesabu hii inakubali bila shida. Afu nauliza uhakika wa hiyo 5 ni kiasi gani, jibu likiwa hadi mita 140 zaidi au pungufu, kwa sababu hujui kitu kipo wapi ndani ya kila kisanduku. Ni wazo lilelile la kisanduku lakini sasa lina namba.

Swali la tarakimu nane kutoka 1:50,000 nililiweka afu nikalitoa. Mita 10 hapo ni milimita 0.2, ni upana wa ncha ya penseli, na alama ya barabara kwenye ramani ni pana kuliko barabara yenyewe. Tarakimu ambazo jicho haliwezi kuzipima ni mapambo. Simu nayo inakutolea kumi bila aibu wakati yenyewe hata kwenye anga wazi inakosea mita kadhaa.

Majaribio kwa sauti

Tumejaribu kusomeana rejea kwa redio ya mkononi na kwa simu yenye mtandao mbovu, na hapa pamekuwa na mambo kuliko nilivyotarajia. Nne na nane zinagongana. Tatu na tano pia, kidogo. Sasa angalia uzito wake kwenye tarakimu sita: nne ikisikika nane kwenye tarakimu ya mwisho ya kundi umehamishwa mita 400, kwenye ya katikati kilomita 4, kwenye ya kwanza kilomita 40. Sauti ni ileile moja.

Kuna aliyependekeza tutumie namba za Kiingereza tu, kwa namba za simu wengi ndo wanafanya hivo tayari. Lakini kwa Kiingereza ni 5 na 9 ndo zinazogongana, hadi marubani kwenye redio 9 wanaiita "niner" na 5 wanaiita "fife". Kwa hiyo unahamisha tatizo tu.

Tulichokubaliana ni hiki. Tarakimu moja moja, kamwe sio "mia nne hamsini na sita". Makundi mawili na pumziko kati yake. Anayepokea anarudia yote, na anayetoa anasubiri mpaka asikie yote, sio kukatiza "eeh eeh hiyo hiyo". Afu unamalizia kwa maneno ya kinachoonekana: daraja, kusini mwa shule. Hilo la mwisho watu walilichukulia kama porojo, ila ndo linalokamata kosa, kwa sababu kisanduku kibaya hakina daraja na mwenye ramani anaona hapohapo kwamba alichosikia hakiendani.

Na kitu cha kuongezea mwanzoni kabisa ni jina au namba ya shiti ya ramani. Tarakimu sita zinajirudia kila kilomita 100, 456412 zipo nyingi duniani. Waingereza wanatumia herufi mbili za mraba wa kilomita 100, kilele cha Ben Nevis ni NN166712, na MGRS inaanza na namba ya zoni, herufi ya ukanda, herufi mbili za mraba, ndo tarakimu zifuate, na herufi I na O zimeachwa zisichanganywe na 1 na 0. Kama nyote mna shiti moja mkononi huhitaji yote hayo. Kama unampa mtu aliye mbali unahitaji.

Datamu

Hili sikutaka kuliingiza lakini limelazimisha. Datamu ni msingi wa vipimo ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake. Ukichukua namba kutoka kwenye simu, iliyowekwa WGS84 (datamu ya GPS), ukaipeleka kwenye ramani ya zamani iliyochorwa kwa datamu nyingine, unakuta huko mlimani kila kitu kimehama kwa kiasi kilekile upande uleule. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki ni za datamu ya Arc 1960, na tofauti yake na WGS84 maeneo hayo ni karibu mita 300, nyingi zikiwa kwenye namba ya kaskazini. Hivyo ni visanduku vitatu vya tarakimu sita, na kadi yako nzuri na mkono wako mtulivu havisaidii chochote. Dawa ni kusoma maandishi ya pembeni mwa ramani, datamu imeandikwa, afu kuibadilisha kwenye mipangilio ya programu ya simu. Kwenye karatasi limepata aya moja tu na picha, inatosha.

Ilipofikia

Kadi toleo la pili imeshachapwa, namba za skeli ya 1:50,000 nimezikuza na wavu wa 1:25,000 nimeupa rangi nyekundu iliyofifia ili kontua za kahawia zionekane chini yake. Nyekundu ilikuwa ni kubahatisha, bado nataka kuijaribu chini ya taa ya kichwani, manake kuna taa nyekundu ambazo zikimulika mistari ya rangi hiyo inapotea kabisa na kadi inabaki plastiki tupu. Nikiona hivyo naenda zambarau.

Spredishiti inafanya kazi. Karatasi ya mpakani mwa zoni sijaimaliza, pale gridi mbili za UTM zinapokutana kwa pembe na miraba ya ukingoni inakatwa vipande, na mraba mmoja wa ardhi unaweza kutajwa kwa namba za zoni zote mbili. Kuichora kwa mkono ni kazi, nikipata namna ya kuitoa kwenye programu ya ramani bila alama nyingine zote nitaiongeza, la sivyo mazoezi yanaanza bila hiyo.